Jani Lilipolowa

Kochi, mwezi wa saba, tarehe sita. Chizuru kaja maabara
na jani la yugwa ndani ya mfuko wa plastiki.
Kalikata kwa shangazi yake, bondeni,
ambako watoto hukinga umande wa majani hayo alfajiri,
wakasugulia wino, wakaandika haja zao
kwenye vipande vya karatasi, wakavitundika mianzini.

"Tazama," akadondosha tone.
Halikukaa. Lilibiringika kama gololi,
likazoa vumbi njiani, likaanguka mezani
likiwa zima.

Mimi nilidhani kisicholowa ni kilicho laini.
Kumbe chini ya hadubini ni vichuguu,
elfu kwa elfu, kila kimoja na manyoya yake ya nta,
na katikati yao hewa, imejibanza
kama mtoro azuiaye pumzi nyuma ya mlango.
Maji hayaligusi jani. Yanakanyaga ncha tu.
Yamelalia hewa, yakidhani ni kitanda.

Tukalizamisha. Sentimita kumi za maji
na kijani kikageuka fedha,
fedha tupu, ya kujitazamia uso.
Chizuru akacheka. Kisha akaanza kuandika saa.

Saa tatu usiku: fedha.
Saa sita: fedha, ila pembeni pana doa
dogo kama ukucha wa kichanga.

Maji hayana haraka, wala hayavunji mlango.
Hewa iliyofungiwa inayeyukia ndani yake
kama sukari, kimya,
na uso wa maji unabonyea baina ya vichuguu,
unashuka, unashuka,
hata tumbo lake liguse sakafu.
Kichuguu kimoja kikizama,
jirani yake hana tena ukuta.

Nilisinzia juu ya daftari.
Saa kumi akaniamsha: fedha hakuna.
Lilikuwa jani tu, mboga ya sokoni.
Tukalitoa, tukalidondoshea tone;
likatandaa, likang'ang'ania, likakataa kwenda.

Alilikausha kwa mashine ya nywele, polepole,
kama anayekausha kichwa cha mtoto mwenye mafua.
Likarudi. Karibu lote.
Pale penye doa la kwanza
tone bado lilisita.

Chizuru akalivuta tone hilo kwa sindano,
akasugua wino, akaandika.
Karatasi akaitundika kwenye stendi ya chuma,
maandishi yakitazama ukuta.