Harufu ya Igombe

Usiku, Nyegezi. Umeme umerudi.
Chini ya lenzi kiinitete cha furu
kina siku tatu, na uti wake wa mgongo
ni mrija mwembamba kuliko unywele.
Ndani yake kila seli ni kibarua
aliyefika getini alfajiri, anangoja kuitwa.

Chini ya mrija kuna kitu kinachotoa harufu.
Hivyo ndivyo nilivyomweleza dada yangu Ng'walu,
maana yeye huanika dagaa Igombe,
na mtu wa Igombe hujua alipo hata akifumba macho:
ikiwa kali, uko vichanjani;
ikififia, uko kwa fundi baiskeli;
ikiisha, umeshapanda hadi shuleni.
Seli nazo hunusa.
Iliyo karibu, jeni huamka ndani yake, huiambia:
wewe utasukuma mguu.
Ya juu, inayonusa harufu nyingine ishukayo,
huambiwa: wewe utapokea moto,
mwiba, maji ya baridi.

Mpakani jeni mbili hutazamana
kama nyumba mbili za Bugarika juu ya jiwe moja:
huyu akifungua mlango, yule anafunga.
Hakuna mjumbe, hakuna kigingi,
na mpaka unanyooka.

Ng'walu alisikiliza, akichambua dagaa.
"Na kufunga je?"

Nilijua anachouliza.
Mrija huanza bapa, kama unga uliosukumwa;
kingo huinuka, hukutana, hubanwa
kama sambusa.
Kwetu sisi ni wiki ya nne,
mama bado anadhani amechelewa tu,
analaumu jua.
Kulwa na Doto walifungika sawasawa.
Kwa Shija, aliyewafuata,
mahali padogo kuliko punje ya ulezi
kingo hazikukutana.

"Walisema niliruka kamba ya ng'ombe."
"Walisema."
"Na wewe, na darubini yako?"

Nilikuwa na maneno. Asidi ya foliki. Jeni. Bahati.
Niliyatandaza yote mbele yake,
hayakujaza hata kichanja kimoja.

Shija alikuwa ameketi juu ya gunia,
miaka mitano, kovu la Bugando kiunoni,
ana hasira na kuku.
Nikaokota unyoya, nikaanza kidoleni.
"Hapa?"
"Hapana."
Kisigino. "Hapana."
Muundi. Alikuwa anamwangalia kuku.
Goti. Akanyamaza, akafikiri.
"Labda."
Nikapanda, vidole viwili juu ya goti,
akapiga ukelele, akacheka, akanichapa mkono:
"Hapo ni mimi!"

Nikachora mstari pale kwa kalamu ya wino.
Ng'walu akaulowesha kidole kwa mate,
akaufuta,
akarudi kwenye dagaa wake.