Funguo Mbili

Kabati hili lina funguo mbili.
Mmoja ninao mimi, kwenye mkufu, ndani ya buibui.
Wa pili anao Mubaraka wa zamu ya jioni.
Hakuna anayelifungua peke yake;
ndiyo sheria hapa Ruwi:
watu wawili, daftari moja, wino usiofutika.

Leo kaja Bi Thuwaiba na mwanawe Muhannad,
miaka tisa, kiatu kimoja kamba zaburura.
Kashazihesabu taa za dari,
kauliza iliyokufa imekufa lini,
kapanda kiti, kashuka, kapanda tena.

Mama kaniinamia dirishani.
"Hii si dawa ya kuamsha?
Mtoto anawaka, nanyi mwanipa mafuta?"

Kiarabu changu cha kazini kikanikwama.
Nikamjibu kwa lugha waliyorudi nayo wazee wetu toka Unguja:
"Hata breki, dada, inataka nguvu.
Injini anayo. Mguu wa kukanyagia ndio haujakomaa."

Sikumwambia yote.
Sikumwambia habari za kichaka kisicho majani,
kama ufagio uliosahauliwa mlimani,
Wachina walichokichemsha karne na karne kwa ajili ya kifua;
wala wakemia waliotafuta mfano wake kwenye chupa
wakapata kitu cha kuzibua pua.
Pua ikazibuka. Usingizi nao ukatokea papo hapo.

Basi wakampa anayelala na tonge mdomoni.
Wakampa mwenye huzuni asiyetoka kitandani,
na bibi harusi aliyetaka kiuno kabla ya mfungo sita,
na rubani wa huku, na rubani wa kule,
maadui wa kidonge kimoja.
Na mahali fulani, mbali na hapa,
daktari akawapa watoto waliouma vichwa.
Vichwa havikuacha kuuma,
ila watoto waliketi, wakafanya hesabu zao, wakazimaliza.
Wenyewe wakakiita kidonge cha hesabu.
Ikapita miaka mingi kabla wakubwa hawajawasikia.

Na kaka yangu Humaidi sikumtaja kabisa.
Lori la saruji, Maskati hadi Salala,
kilomita elfu za lami iliyonyooka kama rula.
Vyake alivinunua Haima, kwa dereva mwenzake,
ndani ya kisanduku cha kiberiti,
bila daktari, bila daftari, bila funguo.
Usiku wa pili bila kulala alinipigia simu, anacheka:
ngamia wanavuka, Zuwena, hawaishi,
na kila mmoja ana uso wa mama.
Akasimamisha lori katikati ya lami awapishe.

Lililokuwa nyuma yake halikuwaona ngamia.

Nahesabu kwa kijiti, tano tano, juu ya kisahani.
Tano. Kumi. Kumi na tano.
Muhannad kaegemeza kidevu kwenye kaunta,
mara ya kwanza katulia tangu aingie.
"Ishirini na tisa," natamka.
"Thelathini," anasema. "Kimoja kiko chini ya kijiti."
Nainua kijiti. Kweli.

Natia saini. Mubaraka anatia yake.
"Na akija akawa si yeye?" mama anauliza.
"Akipoa kupita kiasi, akikataa kula, akikuangalia kama mgeni,
mrudishe. Usingoje miadi.
Daktari atapunguza, au ataacha."
Si jibu lote. Ndilo nililonalo.

Nje jua la Juni limeipasha moto hata kamba ya kiatu.
Anageuka mlangoni.
"Humo ndani vimebaki vingapi?"
Haturuhusiwi kusema.
"Mia moja na kumi na viwili," nikasema.
Akaondoka akizipima midomoni, bila sauti,
mama kamshika ukosi kwa nyuma,
kama mtu ashikaye tiara siku ya upepo.

Mubaraka akazungusha wake, nami wangu.
Ufunguo ukarudi kifuani,
una joto bado.