Koti la Barabara ya Nane

Steshenari yangu ipo Barabara ya Nane, Ngamiani,
kati ya muuza vitumbua na fundi redio.
Ukutani nimebandika shuka jeupe,
na kwenye msumari linaning'inia koti moja jeusi
la marehemu mjomba, karani wa mkonge.
Halina kifungo cha pili.

Mtu akija na simu yake ya kioo kilichopasuka
namwambia: vaa, simama wima, usicheke sana, usinune.
Napiga. Chini ya picha naandika:
"Mchapakazi. Mwaminifu. Yuko tayari kuanza hata leo."
Elfu moja mia tano, bando juu yangu.

Mhina amelivaa, mikono imemzidi.
Mwajabu Shemdoe amelivaa juu ya dera.
Semboja amelivaa na kaptula na ndala;
picha inaishia kiunoni, nani ajue?
Mwezi mmoja, watu kumi na saba,
koti likawa linaomba kazi kila mahali:
kwenye makundi ya ajira, kwenye kurasa za viwanda,
kwenye vikasha vya mabosi wasiojibu.
Tiki mbili za buluu, basi.
Si ndiyo, si hapana.
Umebisha hodi, pazia limecheza, mlango kimya.

Alhamisi ikaita simu kutoka Pongwe,
mama mmoja wa utumishi, sauti kavu kama risiti.
"Wewe ndiye mwenye koti?"
Nikajua leo nimepatikana.
Mama, nikasema, hali za watu unazijua...
"Sijakuitia polisi. Nimezipanga picha zako mezani.
Kumi na moja za mwanzo, kifungo hakuna.
Ya kumi na mbili, kipo.
Cha buluu, hakifanani na wenzake, lakini kipo.
Nani alishona?"

Saumu Ngoda, binti wa Makorora.
Siku ile ya mvua, foleni imefika barazani,
alichomoa sindano kwenye pindo la kanga,
hakuomba ruhusa, hakudai punguzo.
Nikamwambia: dada, kwenye picha hakitaonekana.
Akakata uzi kwa meno.
"Atakayevaa baada yangu atakiona."

Jumatatu akaanza kazi, stoo ya vipuri.

Kabla ya adhuhuri makundi yote yalishajua.
Sasa kila mteja anakuja na uzi wake.
Koti lina vifungo hadi mifukoni,
vya kijani, vya shaba, kimoja cha shati la shule;
kola haikunjiki tena,
ukilitundika, msumari unalalamika.
Mama wa Pongwe hajapiga tena.

Nilikuwa nawacheka.
Jana nimeshusha mlango wa bati,
fundi redio keshazima taa yake,
nikavuta droo,
nikaanza kutafuta sindano.