Duara la Unga

Usiwaguse, Shufaa.
Najua mkono umeshafika nusu ya njia,
najua wanalia kama bawaba isiyotiwa mafuta,
lakini rudisha mkono mfukoni, tusimame hapa
nyuma ya pipa la buluu,
katika manyunyu haya ya Swansea
yasiyojijua kama ni mvua au ni umande.

Wanne.
Hapana, watano: yule wa kijivu kalaliwa na wenzake.
Macho hayajafumbuka, masikio yamelala
kama majani ya chai chini ya kikombe.
Siku sita, labda saba,
ndani ya mfuko wa mboji uliopasuka,
kando ya kibanda cha Bi Glenys.

Unataka sanduku la viatu, taulo, kisahani cha maziwa.
Maziwa ya ng'ombe yatawaharisha mpaka wakauke.
Na kichanga kilichopoa hakilishwi;
kipate joto kwanza, ndipo kipate chakula.
Nilifundishwa hivyo wodini, usiku uliozaliwa wewe,
na mkunga aliyekutia kifuani pangu
kama mtu anayerudisha deni.

Glenys katoka na kanzu yake ya kulalia.
"Amewatelekeza," anasema. "Nipige simu?"
Anasema kwa huruma.

Neno hilo nalijua.
Nililisoma kwenye barua, kwa lugha yao,
likaniuma kwa lugha yangu.
Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka mitatu.
Twalha anakumbuka faili la kijani la yule mama
aliyebisha hodi saa moja kasorobo,
mimi bado niko kwenye basi
na harufu ya dawa ya sakafu mikononi,
uji wenu u moto kwenye thamosi,
mlango nimeufunga mara mbili.
Sikuuliza nani aliyepiga simu.
Mpaka leo sijauliza.

"Bado," namwambia Glenys. "Tumpe muda."

Kalete unga.
Si sembe, sembe ni ya Jumapili.
Ule wa ngano, wa chapati.
Chini ya upenu hapajalowa:
nyunyiza duara, jembamba, kama unachora uzio
ambao yeyote anaweza kuuruka.
Sasa twende ndani. Mama haji pakiwa na watu.

Saa ya kwanza unachungulia mara thelathini.
Saa ya pili shakwe anatua juu ya kibanda,
nami natoka na ufagio, na ndala za Twalha, nikimtukana Kiswahili.
Saa ya tatu Twalha anarudi shule, anataka kuwapa majina.
Usiwape. Jina ni kamba,
na hatujui bado nani atashika ncha ya pili.
Saa ya nne mimi ndiye ninayechungulia.
Baridi ikizidi tutawachukua, nasema,
chupa ya maji moto, taulo, simu kwa watu wa hifadhi ya paka.
Nasema kama mtu mwenye uhakika.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini
natoka na tochi.

Duara limevunjika upande wa ukuta.
Nyayo nne, ndogo kama vifungo vya shati,
kisha mburuzo, alipolaza ubavu,
kisha nyayo tena, zikitoka mbio kwa Glenys
na kuweupisha ngazi yake.
Matumbo matano yamejaa kama maandazi.
Wa kijivu yuko juu safari hii.

Wiki nane, Shufaa, si leo.
Wakianza kula wenyewe tutaazima mtego,
mama apelekwe kwa daktari, afungwe kizazi,
akatwe ncha ya sikio ili wengine wajue,
arudi kwenye ukuta wake.
Watoto watafutiwe nyumba.
Leo ni maji tu, na samaki wa kopo, mbali kidogo.

Namwita Glenys aje aone.
Anasimama muda mrefu, mkono juu ya ua,
akitazama nyayo kwenye ngazi yake mwenyewe.

"Alikuwa kazini," namwambia.

Hajibu.
Anainama, anaokota pakiti ya unga
niliyoisahau kwenye manyunyu,
anaukunja mdomo wake mara mbili, taratibu,
ananirudishia.