Wifi Yangu Majini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Llanuwchllyn,
Heledd anajipaka mafuta mgongoni, mkono haufiki.
"Nipake," ananiambia, bila kunitazama.
Miaka mitatu hatujagusana, mimi na wifi yangu,
hata mazishini tulipeana ncha za vidole tu.
Nampaka. Bega lake ni bega la Ifor, lile lile,
lenye kidoa cheusi kwenye mfupa.

Kilomita sita mpaka Bala.
Nyuzijoto kumi na tatu, kama hilo laitwa joto.
Yeye ni tarishi, miguu yake imezoea vilima na barua za watu;
kuogelea amejifunza ukubwani, bwawa la shule,
pamoja na watoto wa miaka saba waliomcheka kofia yake.
Mimi kayaki nimeijua mwezi Mei,
na maji nayaogopa hata ya kwenye beseni.
Lakini hakuna mwingine aliyejitolea alfajiri hii,
na karatasi ya wachangiaji ilikwisha kujaa:
mwoka mikate pauni arobaini,
kwaya ya kanisa mia na sita,
Bwana Prydderch, bahili wetu, peni hamsini kwa kila kilomita,
"akifika."

Akaingia. Maji yakamnyamazisha.
Boya lake la rangi ya chungwa likamfuata
kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.
Mkono, mkono, pumzi.
Mkono, mkono, pumzi.
Chini yetu, gizani, wapo samaki gwiniad,
wamenaswa humu tangu barafu ilipoyeyuka,
hawajui kama kuna ziwa jingine.
Nami nilikaa hivyo, miezi tisa,
kwenye kiti cha plastiki, wodi ya nne.

Kila nusu saa namrushia kikombe kwa kamba:
chai, sukari vijiko vinne.
Anakunywa akielea chali kama fisi maji. Hatusemi.

Kilomita ya nne midomo ikawa buluu ya wino.
Treni ndogo ya watalii ikapita ukingoni, ikapiga honi,
watu wakatupungia.
Akashika ncha ya kayaki.
Nikafikiri yamekwisha.
"Alisema nini," akauliza, meno yakigongana,
"ile asubuhi. Mwishoni. Hukuniambia."

Sikumwambia kwa hasira:
yeye alitaka dawa iendelee, mimi nikatia saini iishe,
na tangu hapo kila mmoja akamhesabu mwenzake muuaji.
Tena sikumwambia kwa sababu
haikuwa kauli ya kuchongwa kwenye jiwe.

"Aliniuliza kama nimetoa taka nje.
Ilikuwa Jumanne."

Heledd akanitazama.
Kisha akacheka, kicheko cha mdomo uliokufa ganzi,
akameza ziwa, akakohoa, akacheka tena.
"Ulikuwa umezitoa?"
"Hata!"
"Mungu wangu," akasema, akaiachia kayaki,
na kilomita mbili zilizobaki akaziogelea
kama mtu anayewahi lori la taka.

Pauni elfu mbili mia tatu na kumi na nne,
na kifungo kimoja cha koti ndani ya kopo.
Bwana Prydderch alileta zake tatu kwa sarafu, akasubiri risiti.
Maabara ya Cardiff ikatuandikia kwa adabu:
fedha hizi zitaendesha mashine moja
ya kusoma chembe za kongosho
kwa siku kumi na moja.

Nilitaka kuudhika. Siku kumi na moja!
Lakini Heledd alizihesabu juu ya meza yangu,
vidole vyake havikutosha,
akauvuta mkono wangu, akaongeza kimoja changu.