Kadi Mbili

Kamera alinifungia kaka yangu Shigela,
chini ya kioo cha katikati, akasema,
"Dada, Mwanza hii ukigongwa umegonga,
hasa ukiwa umevaa gauni."
Akarudi Geita bila kurekebisha saa yake.
Nami sikuirekebisha. Nani huuliza jicho ni saa ngapi?

Alhamisi, kona ya Butimba, saa kumi na robo,
ziwa mkono wa kulia linawaka kama bati jipya.
Hilux nyeupe ikachomoka nyuma ya lori la mchanga,
ikaja upande wangu kana kwamba sijazaliwa.
Nikasikia kopo likikanyagwa.
Kopo lenyewe ni Vitz yangu.

Kabla sijashuka, mashahidi walishatimia.
Wawili walikuwa kwa kinyozi, shingo zimeinamishwa;
mmoja alifika na pikipiki vioo vikiwa vimeshafagiliwa;
na wote waliona. Mama alikuwa kwenye simu.
Mama alikuwa kasi. Mama alifumba macho.
Bwana Lutobeka akawanunulia soda,
mimi akaniita dada yangu.

Kituoni nikatoa kadi, ndogo kama ukucha.
Sajenti Magembe akaichomeka,
na kwanza tukatazama wiki nzima ya maisha yangu:
mbuzi wa Mkolani, mvua, mawe,
na sauti yangu, peke yake garini,
ikifanya mazoezi ya kumwomba mwenye nyumba:
"Baba Kulwa, shikamoo. Hapana.
Baba Kulwa, samahani kwa…"
Askari wakatazama dari.

Kisha Hilux. Sekunde sita.
Jua la ziwani limeilamba namba yote,
limeacha kibati cheupe kisicho na jina,
na chini, pembeni, kwa tarakimu nyekundu:
Januari mosi, elfu mbili kumi na tano.

Lutobeka hakucheka. Alikohoa.
"Afande, Hilux nyeupe hapa ni kama dagaa kwenye chanja.
Na mwaka huo mimi hata leseni sikuwa nayo."

Nikakaa na kweli yangu mkononi,
kweli isiyojua siku yake,
kama mgeni aliyeshuka stendi usiku
akasahau amekuja kwa nani.

"Rudisha," akasema Magembe. "Rudisha. Hapo."
Pembeni mwa picha jiko la mkaa, mahindi matatu,
mwanamke kainua uso, mtoto mgongoni,
na begani kwa mtoto kipande cha pamba.

Anaitwa Nyamizi. Tulimkuta pale pale, anapepea.
Alifuta mikono, akaipekua khanga,
akatoa kadi ya kliniki ndani ya nailoni ya chumvi:
chanjo ya miezi tisa, mhuri wa zahanati,
Alhamisi ile.
"Pamba yenyewe alitaka kuila jioni," akasema.
"Na huyo mwenye gari alinimwagia vumbi kwenye mahindi.
Mlango wake wa kushoto una kibandiko cha samaki,
mkia umechanika."
Magembe akarudi kituoni, akauzunguka mlango wa kushoto,
akasimama hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama samaki.

Mimi nikamuuliza, "Mbona siku ile hukusema?"
"Nilikuwepo tangu saa saba.
Nani aliniuliza? Mliwauliza wenye soda."

Lutobeka analipa kwa awamu. Imebaki laki moja na udhuru.
Shigela hupiga simu: "Umerekebisha saa?"
Namwambia ndiyo. Lakini kibetri chake kimekufa;
nikizima injini inasahau,
nikiwasha inaanza tena Januari mosi.
Basi kila jioni napita Butimba
katika mwaka ambao mtoto yule hajatungwa mimba,
na yupo, mgongoni mwa mama yake,
anatafuna pindo la khanga,
ananitazama.