Deni la Sauti Moja

Niliichukua Igombe, asubuhi, kwa simu ya laini mbili,
kioo kimepasuka pembeni:
Bi Nkwimba akigeuza dagaa juu ya kichanja
na kuimba, fagio likimpigia mapigo.
Sikumwomba. Nilisema moyoni, upepo hautoi risiti.

Usiku, dukani Kirumba, nikaikata.
Nikaondoa kunguru, nikaondoa kikohozi,
nikaondoa majina (Lutobeka, Nyanjige,
Maingu wa mtumbwi mwekundu),
maana hayakukaa kwenye mdundo.
Nikatia besi ya kutikisa meza
nikairusha mtandaoni saa nane za usiku,
chini nimeandika: Bwire, Mkali wa Ziwa.

Kufika Jumapili wimbo ulikuwa kwenye kila bajaji ya Nyakato,
saluni, harusini Buswelu,
watu wakishuka na kiuno hadi chini penye "madebe matatu"
bila kujua madebe ya nini.
Kijana wa Musoma akauongezea kasi.
Mwingine, hata simjui, akatia sauti ya mbuzi.
Nilivyokasirika! Wimbo wangu!
Nikamwandikia yule wa mbuzi: mwizi hana haya.

Jumanne akaja mwenyewe,
kanga inanuka jua na dagaa.
Hakutaka hela. Hakutaka picha.
"Mwanangu, ule si wimbo. Lile ni daftari.
Kuandika sijui, basi nawaimba ninaowadai.
Lutobeka, madebe matatu, tangu masika.
Wewe umemfuta, naye jana ananiambia
mbona hata wimbo wenyewe haunitaji?
Tena anasema huku anaucheza."

Nikamketisha. Nikampa soda.
Tukaurudia wote, na kikohozi,
na kila jina mahali pake.
Nikaurusha kwa jina lake.

Dakika mbili, mashine ikajibu:
Sauti hii ina mmiliki. Imeondolewa.
Mmiliki: kampuni nisiyoijua,
ya mji nisiowahi kufika,
iliyomnunua yule wa mbuzi.

Nikamsomea. Akauliza, "Mmiliki ndiye nani?"
Nikatazama soda yake, ikitoa mapovu.
Nikasema, ndiye mwenye mali.
"Haya. Mwambie basi alipe madebe yangu."
Akafunga kanga, akaondoka, chupa kaiacha nusu.

Siku hizi yuko kichanjani, fagio lile lile.
Wenzake wanamwitikia,
na baada ya Lutobeka kuna ubeti mpya:
Bwire wa kompyuta, sauti moja, hajarudisha.

Mtoto wa jirani kaurekodi.
Jana nimeusikia Mabatini, kwenye spika ya muuza maji,
umeshatiwa ngoma,
na jina langu, sijui nani kalipanga,
limekaa sawasawa kwenye mdundo.